Kabla ya Sare ya Kwanza: Malezi, Majani Chai na Stadi za Watoto wa Kericho na Bomet



Tunapozungumzia stadi za watoto wetu huwa tunaanzia darasani. Tunauliza kama mtoto wa Gredi ya 3 anaweza kusoma hadithi fupi akaielewa, kama anajua kujumlisha na kutoa, kama anaweza kusimama mbele ya wenzake akajieleza. Maswali hayo ni ya haki, ila yanakuja kwa kuchelewa. Siku mtoto anapovishwa sare ya PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, akiwa na miaka minne, tayari ana miaka minne ya masomo nyuma yake. Amesomea uani, jikoni, mgongoni mwa mama na mikononi mwa dada. Alichofunzwa huko kimekwisha kukita ndani yake, na alichokikosa mwalimu atakitafuta kwa taabu.

Ninalotaka kulisema leo ni hili. Katika nchi yetu ya chai, kuanzia Kericho mjini hadi Litein, Mogogosiek na Bomet, stadi za mtoto hutegemea sana nani anabaki naye wakati majani yanachumwa, na mtu huyo ana muda gani na nguvu kiasi gani za kushughulika naye. Lishe ina nafasi yake, afya ina nafasi yake, nami nitayafikia. Lakini muda wa mlezi ndio tusioutaja katika mikutano ya elimu, na ndio ninaotaka tuujadili kwa kina.

Nianze na ushahidi uliotoka kwetu wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watafiti wawili Wamarekani, Charles Super na mkewe Sara Harkness, walikaa miaka kadhaa na familia za Kipsigis katika kijiji cha wakulima ambacho maandishi yao yanakiita Kokwet. Familia hizo zilikuwa zimepata mashamba wakati wa uhuru, baada ya serikali kununua ardhi ya walowezi na kuigawa. Wakati huo wataalamu wa watoto duniani walikuwa na mjadala mkali. Daktari Mfaransa Marcelle Geber, aliyefanya kazi Kampala miaka ya 1950, alikuwa ameandika kwamba watoto wachanga wa Uganda huwatangulia wenzao wa Ulaya kukaa, kusimama na kutembea. Wengi waliosoma habari hiyo walihitimisha kwamba ni jambo la damu: Mwafrika huzaliwa na mwili uliotangulia, kisha akili yake huchelewa. Mnaweza kuona hoja ya namna hiyo ilikuwa inaelekea wapi katika miaka ya ukoloni.

Super alikwenda kuwauliza akina mama. Nao wakamweleza waziwazi kwamba watoto hawa hufunzwa. Mtoto akifikisha miezi mitano au sita, mama alichimba kishimo kidogo ardhini, akamkalisha humo na kumzungushia blanketi ili mgongo upate pa kuegemea. Akamwacha akae hivyo kila siku, kwa muda mrefu kidogo kuliko jana. Baadaye alimshika kwapani, akamsimamisha dede, akamtembeza hatua mbili tatu huku wengine wakishangilia. Lugha yenyewe ilikuwa na maneno maalumu ya mafunzo hayo, moja la kukalisha na jingine la kutembeza. Super alipopima akakuta kwamba watoto wa Kokwet walikaa na kutembea takriban mwezi mmoja kabla ya watoto wa Marekani. Lakini katika mambo ambayo mama hakuyafunza, kama vile kutambaa, hawakuwa wametangulia. Alipolinganisha jamii mbalimbali za Kenya, jambo likazidi kuwa wazi. Kwa Wateso, ambako karibu mama wote walisema huwafunza watoto kutambaa, mtoto alitambaa akiwa na miezi mitano na nusu hivi. Kwa Wameru, ambako mama wachache tu walifanya hivyo, mtoto alitambaa akikaribia miezi minane.

Utafiti huo ulichapishwa mwaka 1976, na naona haya kwamba unajulikana zaidi katika vyuo vya Ulaya na Marekani kuliko hapa ulikofanyika. Unatwambia kwamba mama wa Kipsigis aliyechimba kile kishimo alikuwa mwalimu. Alikuwa na lengo, alikuwa na zana, alikuwa na ratiba, na alijua mwanafunzi wake amefika hatua gani. Mwili wa mtoto ulikuwa tayari kujifunza, lakini haukutangulia mpaka mtu mzima alipoamua kwamba hili linafaa kufunzwa na akatenga muda wa kulifunza.

Sasa nendeni nami hatua ya pili, ambayo ni ngumu zaidi kuikubali.

Watafiti hao hao walijaribu kuwapima watoto wa Kokwet lugha na kumbukumbu. Walimsimulia mtoto hadithi fupi, kisha mtu mzima akamwomba mtoto airudie. Wengi walinyamaza. Waliinamisha uso, wakacheza na ncha ya nguo, wakasema neno moja au wasiseme kabisa. Mwaka 1977 Harkness na Super waliandika makala wakiuliza kwa nini watoto wa Kiafrika ni vigumu hivyo kuwapima. Jibu lao halikuwa kwamba watoto hao hawana akili. Mtoto huyo huyo aliyenyamaza mbele ya mgeni alitumwa kwa jirani akachukue kitu, amweleze jirani kwamba mama anasema hivi na hivi, na arudi na jibu, na alifanya yote bila kusahau. Alichunga ndama wasiingie kwenye mahindi. Alimbembeleza mdogo wake mpaka akalala. Wazazi wa Kokwet walikuwa na mizani yao ya kupimia werevu, na mizani hiyo ilikuwa kazi: mtoto mwerevu ni yule anayeona linalohitajika nyumbani na kulifanya kabla ya kuambiwa. Walijua kwamba uko pia werevu wa shuleni, na waliutenga na ule wa nyumbani. Mtoto mmoja angeweza kuwa na huu na kukosa ule.

Kwa nini basi alinyamaza? Kwa sababu kujibizana na mtu mzima hakukuwa miongoni mwa mambo aliyofunzwa. Mzazi alimwamuru mtoto, alimwonya, alimtuma. Mtoto mwenye adabu alisikiliza akatenda. Mazungumzo, utani, hadithi na ubishi alivipata kwa watoto wenzake, na hasa kwa cheplakwet, yaani yule dada mdogo wa miaka saba au minane aliyekabidhiwa kumlea mtoto mchanga mama akiwa shambani. Cheplakwet alimbeba, alimchezesha, alimwimbia, alimfundisha maneno ya kwanza. Jirani zetu wa Kisii walikuwa na desturi inayofanana, na Robert LeVine aliyewachunguza kwa miaka mingi aliona pia kwamba mama wa huko alijishughulisha zaidi na kumtuliza mtoto na kumlinda maisha yake kuliko kupiga naye gumzo. Katika nyakati ambazo mtoto angeweza kufa kwa kuhara au nimonia wakati wowote, huo ulikuwa uamuzi wa busara. Sitaki yeyote aliye hapa aende nyumbani akidhani bibi yake alimlea vibaya.

Lakini shule imekuja na mizani nyingine. Mwalimu wa PP1 anauliza swali huku anamtazama mtoto usoni na kungoja jibu. Mtaala wa sasa, ulioanza kutekelezwa mwishoni mwa muongo uliopita, unataka mtoto aeleze, aulize, ashirikiane, abuni. Mtoto ambaye nyumbani hajawahi kuulizwa na mtu mzima "unaonaje?" anaanza safari hiyo akiwa nyuma, na kubaki nyuma huko kutaitwa uzito wa kichwa.

Na wakati huohuo cheplakwet ameondoka. Tangu Januari 2003, elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa bila malipo, yule dada wa miaka minane yuko darasani, na hapo ndipo mahali pake. Kila msichana aliyesoma badala ya kukaa uani na mtoto mgongoni ni ushindi wetu sote. Hata hivyo kazi aliyokuwa akiifanya haikufutwa na tangazo la serikali. Mtoto mchanga bado yupo, mama bado yuko kwenye chai, na kiti cha yule aliyekuwa akizungumza na mtoto mchana kutwa kimebaki kitupu. Nyumba nyingine zimebahatika kuwa na nyanya mwenye nguvu. Nyingine zimeajiri msichana wa kazi ambaye mwenyewe bado ni mtoto, analipwa kidogo na kuhama baada ya miezi. Nyingine mtoto anabebwa mgongoni mwa mama kwenye mistari ya chai, katika ukungu na mvua, mama akiinama na kuinuka, bila mtoto kuona uso wa mtu.

Hapa inabidi tuitazame chai yenyewe, maana ndiyo inayopanga siku yetu.

Mkulima mdogo anayepeleka majani Kapkatet, Tegat au Kapkoros anajua kwamba chai haingoji. Majani mawili na chipukizi lazima yachumwe kwa mzunguko, kila baada ya wiki moja au mbili, na yakishachumwa lazima yafike kiwandani siku hiyohiyo kabla hayajaharibika. Kwa hiyo mama anaamka kabla ya jua, anakamua, anawaandaa wa shule, anachuma hadi mchana, kisha anabeba kikapu hadi kituo cha majani. Pale anasubiri karani apime, na anasubiri lori. Barabara ikiwa na tope, lori linafika jioni. Mvua za Aprili na Mei zinapokolea majani huwa mengi, na pesa huwa nyingi kidogo. Hapo hapo ndipo mama anakuwa na muda mchache zaidi, unyevunyevu huongezeka, na vifua vya watoto huwa vibaya zaidi. Mapato na malezi vinakwenda kinyume, na hakuna kiwanda kinachoandika hilo kwenye hesabu zake.

Halafu kuna swali la nani anashika hizo pesa. Watafiti wawili, Dorthe von Bülow na Anne Sørensen, walichunguza wakulima wadogo wa chai hapa Kericho na kuchapisha matokeo yao mwaka 1993. Walikuta kwamba chai iliandikishwa kwa jina la mume, malipo yakaingia kwa mume, huku sehemu kubwa ya uchumaji ikifanywa na mke. Mke asiyeona faida alipunguza nguvu kwenye chai na kuzielekeza kwenye shamba lake la chakula. Miaka mingi imepita na baadhi ya nyumba zimebadilika, lakini sote tunajua kijiji kinavyokuwa wiki ile bonasi ya chai inapotoka. Mimi naamini, kwa kuangalia nyumba za hapa, kwamba shilingi inayopitia mkononi mwa mama hufika kwa mtoto haraka zaidi, katika umbo la yai, sabuni, dawa, au msaidizi wa kubaki na mtoto. Viwanda vinavyowaruhusu wanawake kuandikisha sehemu ya chai kwa majina yao vinafanya kazi ya elimu ya awali hata kama havijui.

Mtoto wa kambi ya wafanyakazi wa mashamba makubwa ana hadithi yake. Mashamba makubwa yalipoanza Kericho katikati ya miaka ya 1920, Brooke Bond kwanza na James Finlay baadaye, nyumba za laini zilijengwa kwa ajili ya mfanyakazi, mtu mmoja mwenye mikono miwili. Mtoto hakuwa katika mpango, isipokuwa kama mkono mwingine wa kuchuma. Katika miaka ya 1930 watoto walikuwa sehemu ya nguvukazi ya mashamba hayo. Majina ya kampuni yamebadilika mara kadhaa tangu hapo. Zahanati zimejengwa, shule zimejengwa, na vituo vya kulelea watoto vipo. Lakini ingieni kituo cha namna hiyo saa nne asubuhi mhesabu vichwa, kisha mhesabu walezi. Mlezi mmoja mwenye watoto wengi wa chini ya miaka mitatu anaweza kuwalisha, kuwabadilisha nguo na kuwazuia wasiumie. Hawezi kukaa na mmoja wao akamfuata anakotazama na kumtajia kile anachokiona. Mkono wa mlezi umejaa, na mdomo wake umechoka.

Mtoto huyo wa kambi ana utajiri mmoja ambao hatuuthamini. Katika laini moja wanaishi Wakipsigis, Wakisii, Waluo na Waluhya, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Akiwa na miaka mitatu mtoto anaweza kuomba maji kwa lugha ya mama, kugombana kwa Kiswahili na kucheka kwa lugha ya jirani. Ni stadi kubwa ya ubongo hiyo. Shule ikimpokea kwa Kiingereza kitupu, kinyume cha sera inayotaka lugha ya eneo itumike katika madarasa ya chini, inamnyang'anya alichokuja nacho. Naliacha hilo hapo, maana lina mhadhara wake.

Tena siku hizi wapo watoto wa waliopoteza kazi. Mashine za kuchuma chai zimechukua nafasi ya mikono mingi, na Mei 2023 hasira juu ya hilo zilifikia mashine kuchomwa moto. Wachumi huzungumzia ajira. Mimi namwona mtoto wa miaka miwili ambaye ndani ya mwaka mmoja nyumba imehama, baba amekwenda kutafuta kazi mbali, mama anafua nguo za watu, na mlezi amebadilika mara tatu. Mtoto wa umri huo hujifunza akiwa na mtu anayemjua. Kila mlezi anapobadilika, anatumia nguvu zake kujua kwanza kama yuko salama, na kinachobaki cha kujifunzia ni kidogo.

Niingie jikoni. Idadi ya watoto waliodumaa nchini imeshuka: utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2014 ulikuta asilimia 26 ya walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na ule wa 2022 ukakuta asilimia 18. Bomet mwaka 2014 ilikuwa juu ya wastani wa taifa, na wageni walishangaa, kwa sababu ukisimama barabarani unaona ng'ombe wa maziwa, mahindi na kijani kila upande. Siyo ajabu sana. Mtoto anayekula kimyet, yaani ugali, kwa maziwa asubuhi, mchana na jioni anashiba, na mashavu yake yanang'aa. Lakini maziwa, pamoja na uzuri wake wote, mursik yetu ya kugandishwa ikiwamo, yana madini ya chuma kidogo mno, na unga wa mahindi hauwezi kuziba pengo hilo. Juu ya hayo tunampa chai. Chai, hata ya maziwa, ina kemikali zinazoyashika madini ya chuma yaliyo katika nafaka, maharagwe na mboga na kuyazuia yasiingie mwilini. Sisi tunaoijua chai kuliko watu wote wa Kenya tunapaswa kulijua na hili. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu akinywa kikombe cha chai ya sukari pamoja na chakula, sehemu ya faida ya chakula kile inapotea.

Upungufu huo wa chuma unaingia moja kwa moja katika stadi. Ubongo unakua kwa kasi kubwa mno katika miaka miwili ya kwanza, na unahitaji chuma ili kujijenga. Mtoto aliyepungukiwa mara nyingi husumbua kidogo, hukaa alipowekwa. Majirani humsifu kwa utulivu. Hagusi, hatambai kufuata kitu, hamvuti mama nguo amwonyeshe kuku. Na kwa kuwa hamsumbui mtu, naye mtu hamsemeshi. Ndiyo maana napenda kuona mgagani na mnavu vikirudi kwenye sufuria ya mtoto, vikipondwa laini, pamoja na maharagwe, yai, na kipande cha ini au nyama siku ikiwezekana, na chai ikangoja mpaka awe mkubwa. Mgagani na mnavu huota nyuma ya nyumba bila mbolea.

Sasa kuna wanaosema: mtoto aliyekwisha kudumaa, aliyekosa mwanzo mzuri, amekwisha. Nawapelekeni Jamaika. Mwaka 1986 na 1987 huko Kingston, Sally Grantham-McGregor na wenzake waliwachukua watoto 129 waliodumaa, wa kati ya miezi 9 na 24, kutoka mitaa maskini. Baadhi yao walitembelewa nyumbani mara moja kwa wiki, saa moja, kwa miaka miwili. Waliowatembelea hawakuwa maprofesa. Walikuwa wasaidizi wa afya wa mitaani, wanawake wenye elimu ya kawaida waliofunzwa kwa muda mfupi. Walikuja na vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa vifaa vya nyumbani, wakaketi chini na mama na mtoto, wakamwonyesha mama jinsi ya kucheza na kuzungumza na mwanawe. Miaka ishirini baadaye watoto hao, sasa watu wazima, walikuwa na mapato yaliyozidi kwa asilimia 25 yale ya wenzao waliodumaa bila kutembelewa. Walikuwa wamewafikia wale ambao hawakudumaa kabisa. Wale waliopewa chakula cha nyongeza peke yake, bila ziara, hawakupata faida ya kudumu ya namna hiyo.

Mtazameni mgeni yule alifanya nini hasa. Hakuchukua nafasi ya mama. Alimfundisha mama kazi ya ualimu ambayo mama wa Kokwet aliijua tayari kwa upande wa mwili: kuchagua stadi, kuitengea muda, kumpa mtoto pa kuegemea, kisha kumwachia kidogo kidogo. Sisi tuna desturi hiyo. Tunachotakiwa ni kuipeleka kwenye maneno. Mama anapomenya viazi anaweza kumpa mtoto kimoja kikubwa na kimoja kidogo, akamuuliza ni kipi cha baba. Anapomtuma kwa jirani, akirudi anaweza kumuuliza aliona nani njiani, walikuwa wanafanya nini, na akangoja jibu hata likichelewa. Heshima haipungui mtoto akijibu kwa sentensi ndefu. Vitendawili vya jioni vilikuwa vikifanya kazi hiyo, na vilikuwa na mtu mzima ndani yake.

Akina baba mliopo, nawaomba mnisikilize kwa makini. Huko Kokwet, Super na Harkness waliandika kwamba baba hakushughulika na ulezi wa mtoto mchanga. Desturi ilimweka mbali. Baba wa leo amebeba simu mkononi na mtoto anamtazama. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa aliyeajiriwa wiki mbili za likizo ya uzazi. Mkulima hana mtu wa kumpa likizo, lakini pia hana mnyapara wa kumnyima nusu saa jioni. Mtoto anayesimuliwa na baba yake habari za ng'ombe aliyekataa kukamuliwa anajifunza mpangilio wa hadithi, mwanzo na mwisho, sababu na matokeo. Hicho ndicho atakachoulizwa kwenye somo la kusoma.

Na serikali? Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inazipa kaunti elimu ya chekechea, na katika mstari huohuo inazipa vituo vya kulelea watoto. Kaunti zimeshika la kwanza. Zimejenga madarasa na kuajiri walimu, ingawa wengi wao wako kwenye mikataba na mishahara isiyolingana na kazi yao. Hatua hiyo ni kubwa, tukikumbuka kwamba kwa miongo mingi shule za chekechea za Kenya zilijengwa na wazazi wenyewe kwa Harambee. Lakini la pili limeachwa. Kutoka mama anapomaliza likizo yake ya miezi mitatu, kama aliajiriwa, hadi mtoto anapofikisha miaka minne, mfuko wa umma hauonekani isipokuwa kwenye chanjo. Darasa linaonekana na linaweza kufunguliwa kwa sherehe. Mtoto wa miezi kumi na minane anayesemeshwa vizuri haonekani, ndiyo maana hakuna anayempangia bajeti.

Watu wa kuanza nao tunao. Tangu Septemba 2023 nchi ina wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, wenye mikoba ya vifaa na simu, wanaoingia nyumba kwa nyumba. Wanapima shinikizo la damu, wanauliza kuhusu choo na homa. Ningependa kaunti zetu mbili ziwafunze wale wanaofika kwenye nyumba zenye watoto chini ya miaka mitatu kukaa robo saa zaidi, chini, na mtoto. Ningependa pia posho yao, ambayo ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kaunti, iongezwe kabla hatujawaongezea kazi. Mtu anayefundisha mazungumzo hawezi kuwa mtu anayekimbizana na nyumba nyingi kwa njaa.

Namaliza na pendekezo ambalo halihitaji kungoja bunge la kaunti. Kila kituo cha majani kina kamati iliyochaguliwa na wakulima wenyewe. Kina kibanda, kina mizani, na karibu kila siku ya kuchuma kina akina mama wanaosubiri lori kwa saa moja, mbili au tatu, wengi wao na watoto. Muda huo upo tayari, hauhitaji kutafutwa. Kamati ikubaliane kutandika turubai upande usioingia mvua, kuweka kikapu cha vibuyu vidogo, vifuniko, magunzi na vipande vya mbao vilivyolainishwa, na kumlipa mama mmoja anayejua watoto, kwa zamu, kwa senti chache zinazokatwa kwa kila kilo kwa hiari ya wakulima. Mwalimu wa chekechea wa karibu awafunze hao wa zamu Jumamosi mbili. Wazazi wakiwa wamekaa pale, wajifunze kwa kutazama. Nawaomba wenyekiti wa kamati waliomo humu wabaki tukimaliza, pamoja na walimu wa chekechea wanaofundisha karibu na vituo vyao, ili tupatane ni vituo gani vinaweza kuanza kabla ya mvua za Aprili.